Imefichwa Lakini Haijafungwa: Maswali Yenu Kuhusu Siri Ndani ya Faili

Barua za mwezi huu, kutoka Nakuru hadi Bungoma, zinauliza jambo moja kwa njia nyingi: mtu ataweka vipi faili ndani ya faili nyingine bila mwenzake kushtuka, na atajuaje kama yeye mwenyewe amewekewa? Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Amri ziandikeni kama zilivyo, pamoja na nafasi na nukta zake.

Wataalamu, hamjambo. Mimi ni mweka hazina wa chama cha akina mama. Paswadi za barua pepe na akaunti zetu nimeziandika kwenye faili, na laptopu hii tunaitumia watu watatu. Kijana wangu amenionyesha amri ya kuificha ndani ya picha: `copy /b picha.jpg + siri.zip mpya.jpg`. Picha inafunguka kama kawaida! Sasa naweza kutulia?
*Mama wa chama, Kisumu*

Bado, mama. Kijana hajakudanganya, amri inafanya kazi. Programu ya picha husoma faili ya JPEG kuanzia mwanzo, kwenye baiti FF D8, na ikifika kwenye alama ya mwisho wa picha, FF D9, huacha kusoma. Faili ya zip ni kinyume chake: orodha ya vilivyomo iko mkiani, kwa hiyo programu kama 7-Zip huitafuta kuanzia nyuma. Ukiziunganisha picha ikiwa mbele na zip nyuma, kila programu inaona chake na kupuuza kingine. Ukizigeuza, zip ikatangulia, picha haifunguki kabisa.

Taabu ni kwamba yeyote atakayeifungua mpya.jpg kwa 7-Zip ataikuta orodha yako peupe, na jina lake juu. Tena picha ya MB 3 iliyobebeshwa zip ya MB 40 inakuwa picha ya MB 43, jambo ambalo hata mtoto anayetafuta nafasi ya kuweka michezo ataliona. Na mmoja wenu akiifungua picha hiyo kwenye programu ya kuhariri, akakata kingo kidogo na kuhifadhi, programu itaiandika picha upya mpaka FF D9 basi. Mkia umekwenda, na paswadi zenu nao, bila onyo lolote.

Kwa haja yako, achana na picha. Pakua KeePassXC, ambayo ni ya bure na haihitaji intaneti kufanya kazi. Paswadi zote zinakaa kwenye faili moja ya .kdbx iliyofungwa kwa paswadi kuu. Hiyo kuu iwe maneno matano au sita yasiyohusiana, wala si jina la chama na mwaka kilipoanzishwa. Nakala ya .kdbx iwekwe kwenye flashi anayoitunza katibu, maana laptopu ikiibwa au diski ikifa hamtakuwa na pa kuanzia. Kila mmoja wenu watatu afunguliwe akaunti yake ya Windows. PIN ya M-Pesa usiiandike popote, hata humo.

Ukishikilia kuficha vilevile, basi funga kwanza. Kwenye 7-Zip chagua aina ya 7z, weka paswadi, kisha tia alama kwenye Encrypt file names. Aina ya zip haina chaguo hilo: yaliyomo yatafungwa lakini majina ya faili yataonekana, na faili inayoitwa paswadi_za_chama.txt imeshajitangaza. Ukishapata hiyo 7z, iweke ndani ya zip ya kawaida, ndipo uunganishe na picha.

Nafundisha somo la kompyuta kidato cha tatu. Wanafunzi wanataka kujua ujumbe unaingiaje kwenye rangi za picha bila picha kubadilika. Naomba maelezo ya kuandika ubaoni, na zoezi dogo la Python kama lipo.
*Mwalimu, karibu na Maseno*

Mwalimu, anza na herufi moja. Chukua K. Katika ASCII, K ni 75, na 75 kwa biti nane ni 01001011. Sasa andika pikseli tatu ubaoni. Kila pikseli ina namba tatu, za nyekundu, kijani na buluu, kila moja kati ya 0 na 255:

142, 97, 60
141, 96, 61
143, 98, 59

Biti ya mwisho ya namba ni 0 ikiwa namba ni shufwa, na 1 ikiwa ni witiri, kwa hiyo darasa halihitaji hata kuzigeuza kuwa biti. Pitieni namba moja baada ya nyingine mkifuata biti za K: inapotakiwa 0 namba iwe shufwa, inapotakiwa 1 iwe witiri. Iliyo sawa iachwe, isiyo sawa isogezwe hatua moja.

142, 97, 60
140, 97, 60
143, 99, 59

Namba nne kati ya nane zimesogea, na ya tisa haikuguswa. Ndivyo inavyokuwa kwa wastani: karibu nusu huwa tayari ziko sawa. Jicho la mtu halitofautishi 96 na 97.

Programu yenyewe ni fupi. Sakinisha Pillow, maktaba ya Python ya kushughulikia picha, kwa `pip install pillow`, halafu:

```
from PIL import Image
p = Image.open("picha.png").convert("RGB")
data = bytearray(p.tobytes())
ujumbe = ("Kisumu " * 500).encode() + b"\x00"
biti = [(h >> i) & 1 for h in ujumbe for i in range(7, -1, -1)]
for n, t in enumerate(biti):
    data[n] = (data[n] & 254) | t
Image.frombytes("RGB", p.size, bytes(data)).save("mpya.png")
```

Baiti ya sifuri mwishoni ni ya kumwambia msomaji asimame. Kusoma ni kurudi njia ileile: chukua `data[n] & 1` ya kila baiti, kusanya nane nane, zigeuze kuwa herufi mpaka ukutane na sifuri. Hiyo waandike wenyewe, ndiyo kazi ya nyumbani.

Tumeurudia ujumbe mara 500 kwa makusudi. Unakuwa biti 28,000 na ushei, na kwenye picha ya 800 kwa 600 unajaza safu 12 hivi za juu. Sasa wafanye majaribio mawili. La kwanza, wahifadhi kama mpya.jpg badala ya mpya.png, kisha wajaribu kusoma. Watapata takataka, na sababu tumeieleza kwenye jibu linalofuata. La pili lina utamu zaidi. Tafuta picha ya Ziwa Nakuru adhuhuri, anga imeungua kwa mwanga mpaka namba zote za juu ni 255. Ficha ujumbe humo, kisha tengeneza picha nyingine ambayo kila namba ni biti ya mwisho mara 255. Anga yote itatoka nyeupe pe, isipokuwa mstari wa chengachenga juu kabisa: huo ndio ujumbe wenu, uchi. Rudieni kwa picha ya soko la Kibuye siku ya Jumapili, penye mitumba, miavuli na vichwa vya watu kote. Biti za mwisho za picha ile zimevurugika tayari hata kabla hamjaficha chochote, na mstari hauonekani.

Hauonekani kwa jicho, lakini hesabu ni kitu kingine. Mwaka 1999 Andreas Westfeld na Andreas Pfitzmann walionyesha kwamba njia hii huacha alama: namba zinazokwenda wawili wawili, kama 96 na 97, au 140 na 141, huanza kulingana kwa idadi pale palipojazwa ujumbe, ilhali kwenye picha ya asili hazilingani hivyo. Kompyuta inahesabu tu. Ndiyo maana programu nzuri hutawanya biti huku na huko kwa kufuata paswadi, badala ya kuzipanga kuanzia kona ya juu kushoto kama tulivyofanya darasani. Na kadiri unavyojaza kidogo ndivyo hesabu inavyokosa pa kushika. Picha ya pikseli 4000 kwa 3000 ina nafasi ya baiti 4,500,000 kwa biti moja kwa kila namba. Sisi hatungezidi sehemu ya kumi ya hizo, na tungependelea chini yake.

Nilificha faili ya maandishi ndani ya picha ya JPEG kwa programu ya steghide, nikamtumia rafiki yangu Molo kwa WhatsApp. Paswadi ni ileile lakini anaambiwa hakuna kitu. Kwangu inatoka bila shida. Simu ndiyo mbovu ama?
*Mwanafunzi, Njoro*

Simu ni nzima. WhatsApp imeitengeneza picha upya njiani. Ukituma picha kama picha, huipunguza na kuibana tena ili isile bando. Faili ya JPEG haiweki rangi za pikseli moja moja. Huigawa picha katika vipande vya 8 kwa 8, hugeuza kila kipande kuwa namba 64 zinazoeleza mabadiliko ya mwanga ndani yake, kisha huzikadiria namba hizo ili zichukue nafasi ndogo. Steghide inaficha ndani ya namba hizo zilizokadiriwa. Picha ikibanwa mara ya pili namba zote zinakadiriwa upya, na biti zako zinazolewa pamoja na zile zisizo na maana. Hakuna paswadi itakayozirudisha.

Mtumie kwa kubofya alama ya kiambatisho na kuchagua Document, kisha uitafute picha humo. Hapo WhatsApp hupeleka faili kama ilivyo. Vilevile kwa kiambatisho cha barua pepe, Bluetooth na flashi. Google Photos ikiwa kwenye Storage saver nayo hubana, kwa hiyo usiifanye ghala la picha zenye mzigo. Kuhakikisha, wewe na rafiki yako mwandike `sha256sum picha.jpg` kila mmoja kwake. Mkipata herufi na namba zilezile, faili ni ileile. Ikitofautiana hata moja, msipoteze muda.

Steghide pia hutoa onyo lilelile, kwamba haikuweza kutoa chochote kwa paswadi hiyo, iwe paswadi ni mbaya, mzigo umeharibika, au picha haikuwahi kuwa na kitu. Usimlaumu mtu kabla ya kulinganisha hizo sha256.

Kwa wengine wanaotaka kuijaribu, mpango ni huu. `steghide info picha.jpg` inakuambia picha ina nafasi kiasi gani. Kwa JPEG ni kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Kuficha ni `steghide embed -cf picha.jpg -ef siri.txt -sf mpya.jpg`, na kutoa ni `steghide extract -sf mpya.jpg`. Usisahau `-sf` wakati wa kuficha: bila hiyo steghide inaandika juu ya picha yenyewe na asili imepotea. Inakubali JPEG, BMP, WAV na AU. PNG haiifahamu, itakataa papo hapo.

Jambo ambalo mafunzo mengi ya mtandaoni hayasemi: steghide 0.5.1 ni ya mwaka 2003 na umri umeanza kuonekana. Inachagua mahali pa kutawanya biti kwa kutumia mbegu, yaani namba ya kuanzia, ya biti 32 tu inayotokana na paswadi yako, hata uandike paswadi ndefu vipi. Mbegu za namna hiyo ni bilioni 4.3 hivi, na kompyuta ya kawaida inazimaliza zote. Programu ya stegseek ikipewa `--seed` hufanya hivyo hasa: haihitaji paswadi kukuambia kwamba picha ina mzigo na mzigo una ukubwa gani. Na ikipewa orodha ya rockyou, yenye paswadi zaidi ya milioni 14 zilizovuja mwaka 2009, inaipitia nzima kwa sekunde chache. Kwa hiyo simba faili kwanza, yaani igeuze isisomeke bila paswadi, kwa `gpg -c siri.txt`, kwa paswadi tofauti na ya steghide, kisha ufiche hiyo siri.txt.gpg. Atakayeing'oa kutoka kwenye picha atakuta mlango mwingine.

Na picha ya kubebea iwe uliyopiga mwenyewe na hujaituma popote. Ukichukua ya mtandaoni, mtu anaipakua ile ya asili, anaziweka mbili hizo bega kwa bega, na kila biti uliyogusa inajitokeza. Ya asili ifute ukimaliza, hata kwenye kapu la takataka na nakala ya wingu.

Napiga picha za wavuvi na machweo Dunga. Watu wanaziiba na kuziweka kwenye mabango. Sitaki kuandika jina langu katikati ya picha. Naweza kuficha alama isiyoonekana?
*Mpiga picha, Kisumu*

Unaweza, ila usiitegemee peke yake. Alama ya mtindo wa biti ya mwisho haitafika popote, kwa sababu tulizomweleza ndugu wa Njoro. Ile ya maandishi ya ndani, inayotiwa kwa programu ya exiftool, `exiftool -Artist="Jina lako" -Copyright="Jina lako 2025" *.jpg`, ni nzuri kwa wateja waaminifu, lakini picha ikipita WhatsApp kama picha inavuliwa maandishi hayo. Kuna aina ya tatu, alama inayotawanywa nyembamba kwenye picha nzima ili istahimili kubanwa. OpenStego, ya bure, inayo: unatengeneza saini kwa Generate Signature, unaitia kwa Embed Watermark, na baadaye Verify Watermark inakuambia saini inalingana kwa kiwango gani. Haitoi jina lako. Inatoa kipimo tu. Kabla ya kuzitia picha zako mia, jitumie moja kwa WhatsApp, ikate kingo, igeuze kidogo, halafu uipime. Huenda kipimo kikakuvunja moyo.

Kinachosimama mbele ya mtu ni ushahidi wa kawaida. Weka faili za RAW, zile ghafi za kamera, pamoja na zile ulizopiga sekunde chache kabla na baada. Mwizi hana hizo. Unapoweka picha mtandaoni, toa yenye pikseli 1600 upande mrefu, na ukate kingo kidogo ili wewe ubaki na picha pana kuliko ya kila mtu. Zile unazotegemea kwa riziki zisajili Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO.

Na kwa kuwa tumefika kwenye exiftool: picha ya simu yenye GPS inabeba mahali ulipoipigia. Kabla ya kumpa mtu faili asilia iliyopigwa nyumbani kwako, endesha `exiftool -gps:all= picha.jpg`. Exiftool huacha nakala ya zamani yenye `_original` mwishoni mwa jina. Hiyo usiitume kwa bahati mbaya. Angalia pia kijipicha cha ndani kwa `exiftool -b -ThumbnailImage picha.jpg > kijipicha.jpg`. Kuna programu zinazokata picha kubwa na kukiacha kijipicha kikionyesha yote uliyoyakata.

Ofisini tunatuma PDF za wanachama zenye namba za vitambulisho tukiwa tumeziwekea mstatili mweusi. Pia tuna karatasi ya Excel tumeificha. Mwenzangu anasema hatujaficha kitu. Nani yuko sahihi?
*Karani, Kakamega*

Mwenzako. Fungua PDF hiyo, bonyeza Ctrl+A, kisha Ctrl+C, ubandike kwenye Notepad. Namba zikitokea, mstatili ulikuwa rangi juu ya maandishi tu, na maandishi yako chini yake salama salmini. Kuna zaidi: PDF inaweza kuhifadhiwa kwa kuongezewa mabadiliko mwishoni bila kufuta ya mwanzo. Ukiifungua kwa HxD, programu inayoonyesha baiti za faili moja moja, na kukuta `%%EOF` zaidi ya mara moja, huenda toleo la zamani bado liko ndani. Dawa ni kuzifuta namba kwenye Word au Excel yenyewe kabla ya kutengeneza PDF. Kama hamna faili ya asili, chapisheni kurasa zilizofunikwa kwa weusi na kuziskani upya.

Kwenye Excel, Hide inafunuliwa kwa Unhide, hiyo kila mtu anajua. Wajanja huingia Alt+F11 na kuipa karatasi thamani ya 2, xlSheetVeryHidden, isitokee hata kwenye orodha ya Unhide. Lakini xlsx ni zip: ibadilishe mwisho wa jina iwe .zip, ifungue, na ndani ya xl/worksheets kila karatasi ipo, ya wazi na ya siri, inasomeka kwa Notepad. Docx ni vivyo hivyo. Picha ulizozikata kingo ndani ya Word zinaweza kukutwa nzima kwenye word/media, mpaka uende Compress Pictures na kuchagua Delete cropped areas. Kabla ya kutuma chochote nje pitieni File, Info, Check for Issues, Inspect Document. Karatasi ya siri isiyomhusu mpokeaji ifutwe kwenye nakala ya kutuma, basi. Na kama faili yote ni nyeti, tumieni Encrypt with Password chini ya Protect Workbook, ambayo inasimba kweli, tofauti na Protect Sheet ambayo inazuia tu kuandika.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu nyinyi moja kwa moja, karani. Namba ya kitambulisho ni data ya mtu, na mkiivujisha mstatili mweusi hautawatetea.

Nimesikia picha ya WhatsApp inaweza kuwa na virusi vilivyofichwa, ukiifungua simu inatekwa. Ni kweli?
*Msomaji, Bungoma*

Kilichofichwa ndani ya picha kimelala. Hakiendeshwi kwa kuangaliwa. Lazima kuwe na programu nyingine kwenye simu inayojua pa kukitafuta na kukiamsha, na ukiwa nayo hiyo, umeshaingiliwa tayari. Kosa katika programu inayofungua picha ni habari nyingine, na limewahi kutokea: Septemba 2023 lilipatikana katika libwebp, maktaba ya kufungua picha za WebP, linaloitwa CVE-2023-4863, likagusa vivinjari na programu kibao. Dawa yake ilikuwa kusasisha, na ndiyo dawa ya yajayo.

Wanaoibiwa huku kwetu wengi hawaibiwi kwa ufundi huo. Wanatumiwa faili inayoitwa `picha_za_harusi.jpg.apk`, wanaifungua, simu inauliza kama isakinishe, wanakubali. Hiyo si picha yenye siri, ni programu yenye jina la picha. Kwenye Windows fungua View kisha uwashe File name extensions, ili `.exe` isijifiche nyuma ya `.jpg`.

Nina saiba mjini. Mteja ameacha flashi yenye picha chache, moja ni JPEG ya MB 19. Nimeshuku. Nitaipimaje?
*Mwenye saiba, Nakuru*

Flashi ni ya mteja, kwa hiyo kwanza jiulize kama ni haki yako kuipekua. Mpigie aje aichukue. Lakini ujuzi wenyewe utakufaa kwa faili zako, basi huu hapa.

JPEG ya megapikseli 12 kwa kawaida haifiki MB 10. Ifungue kwa HxD, tafuta FF D9 kuanzia mwanzo, lakini uiruke ya kijipicha cha ndani, kwa sababu nacho ni JPEG na kina FF D9 yake karibu na mwanzo. Baada ya FF D9 ya picha kubwa kusiwe na kitu. Ukikuta 50 4B 03 04, zile herufi PK za Phil Katz aliyeibuni zip, una faili ya zip mkiani. Kwenye Linux, `binwalk picha.jpg` inakufanyia upekuzi huo kwa sekunde. Kwa PNG na BMP endesha `zsteg picha.png`, inayojaribu biti za mwisho kwa mpangilio mbalimbali na kukuonyesha panapotokea maandishi.

Ikiwa ni flashi yenye NTFS, mfumo wa Windows wa kupanga faili, angalia na mifuko ya pembeni: fungua folda kwenye CMD, andika `dir /r`. Faili ya maandishi ya KB 1 inaweza kubeba video nzima kwa mtindo wa `orodha.txt:video.mp4`, na dirisha la kawaida la Windows litaendelea kuonyesha KB 1. Jina la `Zone.Identifier` likitokea usishtuke, Windows huliweka kwenye kila kilichopakuliwa. Mifuko hii hudondoka ikinakiliwa kwenye flashi ya FAT32 au exFAT, na wengi waliodhani wamehamisha siri zao wamehamisha ganda.

Ila kabla hujamfikiria mteja vibaya, tafuta herufi `ftyp` baada ya ile FF D9. Ukizikuta, hiyo MB 19 ni video fupi. Simu nyingi za Samsung na za Google zikiwashwa Motion Photo hurekodi sekunde chache na kuzigandisha nyuma ya picha yenyewe, na mwenye simu mara nyingi hana habari. Tafuta pia `MotionPhoto_Data` kwa picha za Samsung. Sauti huwa imo ndani ya video hiyo, kwa hiyo kama ni picha zako unazowapa wateja, izime Motion Photo kwenye kamera kabla hujapiga nyingine.